Sauti Iliyokatwa na Asili Yake

Katika muziki wa elektroniki iko desturi moja ambayo msomi wa lugha hapaswi kuipita kama mpita njia apitavyo jiwe. Ni desturi ya kuchukua sauti ya mwimbaji au ya msemaji, kuikata vipande vidogo vidogo, na kuvipanga vipande hivyo upya mpaka neno litoweke na sauti ibaki. Kinachosalia aghalabu ni irabu moja, au nusu ya silabi, au pumzi iliyotangulia neno. Kipande hicho hurudiwa, hupandishwa au hushushwa, huharakishwa au hucheleweshwa, kikawa mara ngoma, mara zumari, mara kilio. Siku hizi kazi hii imepata mtumishi mpya. Programu za akili mnemba zaweza kutoa vipande vya namna hiyo kwa maelfu, pasipo mwimbaji kufungua kinywa na pasipo mtayarishaji kushika mkasi. Makala haya yanauliza swali moja: kipande cha sauti kilichokatwa hupata wapi thamani yake, na je, thamani hiyo yaweza kuhamia kwenye kipande ambacho hakikukatwa kutoka mahali popote?

Msomaji aweza kusema kwamba swali hili ni la mafundi wa studio, si la wanafunzi wa fasihi. Sivyo. Kukata neno na kulipanga upya ni mchezo wa zamani katika lugha yetu. Katika kinyume, silabi ya mwisho huhamishwa ikawekwa mwanzo, na kitabu kikawa bukita. Edward Steere aliona mchezo huu wastahili kutajwa katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1870. Asiyeujua husikia kelele. Aujuaye huirudisha silabi mahali pake akalipata neno. Kadhalika washairi wetu wana inkisari, yaani kufupisha neno ili mizani itimie. Lakini inkisari ina sharti: neno zima lazima litambulikane katika kipande kilichobaki. Mshairi akikata hata neno lisijulikane, hatusemi kwamba amefanya inkisari. Twasema amekosa neno.

Kutokana na mifano hii miwili twaweza kupata kanuni ya kuanzia. Kipande cha neno kina deni kwa neno zima. Kinasikika kama kipande kwa sababu twajua, au twahisi, kwamba kulikuwa na kitu kamili kabla ya mkato. Sasa tuichukue kanuni hii tukaijaribu katika kazi za muziki zenyewe, kwanza zile zilizotungwa kabla ya mashine kujifunza kuiga sauti, kisha zile zilizokuja baadaye.

Mwaka 1956, katika studio ya redio mjini Köln, Karlheinz Stockhausen alikamilisha kazi iitwayo Gesang der Jünglinge. Aliichukua sauti ya mvulana mmoja akiimba na kusema maneno ya vijana watatu waliotupwa katika tanuri ya moto, kisa kinachosimuliwa katika kitabu cha Danieli. Sauti hiyo aliikata, akaizidisha, akaichanganya na milio iliyozaliwa na mitambo mitupu. Jambo lililo kubwa hapa ni kwamba kueleweka kwenyewe kulipimwa kwa daraja, kama vile mwanamuziki apimavyo kimo cha sauti. Mara neno lasikika wazi, mara lafahamika nusu, mara halifahamiki kabisa. Na linapofahamika, ni neno la kumsifu Mungu. Msikilizaji huiona sauti ya mtoto ikiingia motoni na kutoka. Mkato haukuwa pambo; ulikuwa ndio kisa chenyewe kwa njia nyingine.

Miaka 10 baadaye, yaani mwaka 1966, Steve Reich wa Marekani alitunga Come Out. Kazi hii yastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ndani yake sanaa na haki zimefungwa fundo moja. Daniel Hamm alikuwa kijana mweusi wa Harlem, mmoja wa vijana sita walioshtakiwa kwa mauaji na ambao kesi yao ilishika fikira za watu wengi New York. Mwaka 1964 alipigwa na polisi. Katika maelezo yaliyonaswa kwenye utepe, alisimulia kwamba ili apelekwe hospitali ilibidi aonekane anatoka damu. Basi akalifungua vilio la damu kwenye jeraha lake ili damu itoke nje waione. Reich aliicheza sentensi hiyo nzima mara tatu mwanzoni. Kisha akachukua maneno machache ya mwisho, akayaweka kwenye tepe mbili zinazozunguka sawasawa, na kuiacha moja ichelewe kidogo kidogo nyuma ya mwenziwe. Sauti mbili zikawa nne, na nne zikawa nane. Kwa kadiri ya dakika 13 twasikia maneno yakiachana yenyewe kwa yenyewe, hata mwisho konsonanti zimekuwa mchakato wa majani makavu na irabu zimekuwa mvumo usio na mwenyewe.

Usio na mwenyewe, nasema, ila kwa sikio lililosahau mwanzo. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kazi hii. Reich hakutupa kelele peke yake. Alitupa kwanza ushuhuda, kisha akaturuhusu kuuona ukizama. Kila tusikiapo ule mvumo twajua ni damu ya nani inayosemwa. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Sauti iliyokatwa kwa haki ni kovu: jeraha halionekani tena, lakini ngozi yashuhudia kwamba lilikuwako. Na kazi hii ilichezwa kwanza katika hafla ya kukusanya fedha ili vijana wale sita washtakiwe upya kwa haki. Hata hivyo tusimtukuze mtungaji kupita kiasi. Jina lililo juu ya santuri ni la Reich, na la Hamm hupatikana katika maelezo. Deni lilikubaliwa, lakini halikulipwa lote.

Kutoka kwenye majumba ya muziki wa kitaaluma, desturi hii ilihamia kwenye kumbi za kucheza. Hapa mfano mzuri ni Push the Feeling On, wimbo wa kundi la Nightcrawlers wa Glasgow, ulioimbwa na John Reid. Mwaka 1992 Marc Kinchen, ajulikanaye kama MK, aliufanyia matengenezo mapya. Aliyatupa mashairi karibu yote, akaikata sauti ya Reid kuwa silabi, na kuzipanga silabi hizo hata zikawa kama maneno ya lugha ambayo hakuna taifa liisemayo. Mwaka 1995 toleo hilo lilipanda hadi nafasi ya 3 katika orodha ya Uingereza. Watu waliimba kwa furaha maneno yasiyokuwa maneno.

Msomi wa Kiswahili ana jambo la kuongeza juu ya ufundi huu. Silabi ya Kiingereza mara nyingi hufungwa kwa konsonanti, nayo konsonanti aghalabu haiimbiki wala hairefuki kama irabu. Kwa hiyo akataye Kiingereza akitaka kupata kipande kiimbikacho, hana budi kulivunja neno katikati ya silabi, kuitwaa irabu na kuiacha konsonanti ifungayo. Silabi ya Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu, ukiondoa nasali kama m katika mtu. Neno letu limekwisha kukatika vipande viimbikavyo kabla ya fundi kulishika, na ndiyo sababu hesabu ya mizani ni nyepesi kwetu. Yafuata basi kwamba mkato wa MK ni mkali kuliko mkato wa kinyume: haugawi neno kwenye viungo vyake, walivunja mfupa. Lakini hata hapa kanuni yetu yasimama. Katika vipande vile mna koo la mtu mmoja, lafudhi yake, na haraka yake ya kuvuta pumzi. Maneno yamekwenda, mwimbaji amebaki.

Kubaki kwa mwimbaji ndani ya kipande kuna hatari yake, na hatari hiyo ilionekana mwaka 1989. Kundi la Black Box la Italia lilitoa Ride on Time, wimbo uliokaa kileleni Uingereza kwa majuma 6. Sauti iliyoubeba wimbo huo ilikuwa ya Loleatta Holloway, mwimbaji wa Chicago, iliyokatwa kutoka katika Love Sensation ya mwaka 1980. Katika picha za filamu, hata hivyo, aliyeonekana akifungua kinywa ni mwanamke mwingine, mwanamitindo asiyeimba neno lolote la wimbo ule. Holloway hakutajwa hapo mwanzo; ilibidi adai haki yake kwa mawakili. Alifariki mwaka 2011. Kisa hiki chatufundisha kwamba mkato waweza kuwa ufundi na waweza kuwa wizi, na kwamba tofauti haimo katika ncha ya mkasi. Imo katika kukubali au kukana deni.

Sasa na tuitazame mashine. Mwezi wa Septemba mwaka 2016 watafiti wa DeepMind mjini London walitangaza WaveNet, mtandao wa neva bandia ulioundwa kutoa sauti ya binadamu. Kazi yake yaweza kuelezwa kwa maneno mepesi. Sauti iliyohifadhiwa katika kompyuta ni mfuatano wa namba, kwa mfano namba 16,000 kwa kila sekunde. Mtandao husikilizishwa saa nyingi za maneno ya watu, ukajifunza kukisia namba ifuatayo kwa kuzitazama zilizotangulia. Ukipewa maandishi ya kusoma, husoma. Usipopewa maandishi, hausiti: huendelea kukisia, ukatoa mbwabwajo wenye umbo la usemi, wenye silabi, wenye kupanda na kushuka, lakini usio na neno hata moja. Na katikati ya mbwabwajo huo husikika kuvuta pumzi na kugongana kwa midomo.

Tuliangalie jambo hili kwa utulivu, kwa maana ndipo penye kiini cha suala letu. Kile ambacho Stockhausen, Reich na MK walikipata kwa kukata, mashine yakipata kwa kuzaliwa. Inaanzia pale walipoishia wao. Kwa watungaji wale kutokueleweka kulikuwa mwisho wa safari; kwa mtandao ni hali yake ya asili kabla ya kuamriwa kusema. Bukita ya mchezaji wa kinyume yaweza kurudishwa ikawa kitabu. Silabi ya mtandao usiopewa maandishi hairudishwi popote, kwa kuwa hapakuwa na kitabu. Ni kovu pasipo jeraha. Nayo pumzi ile ni pumzi isiyo na mapafu.

Zana zitumiwazo leo na watayarishaji si za namna moja, na uhakiki uzichanganyao haufai. Ziko za kutenga sauti, kama Spleeter iliyotolewa na Deezer mwaka 2019, ambazo huitoa sauti ya mwimbaji katikati ya ala zilizorekodiwa pamoja naye. Hizi ni mkasi mkali zaidi tu. Deni labaki palepale lilipokuwa. Ziko za kuvisha, ambazo humfanya mtu yeyote aimbe kwa koo la mtu mwingine. Na ziko za kuzalisha, ambapo mtu huandika maneno ya kuagiza, na mashine humletea sauti iliyokwisha kukatwa na kupambwa. Namna hii ya tatu ndiyo ijaribuyo kanuni yetu kwa kweli.

Kazi ya kwanza ninayoipendekeza kwa jaribio hilo ni Godmother, iliyotolewa mwezi wa Desemba mwaka 2018. Watungaji wake ni Holly Herndon, Mmarekani aliyeishi Berlin, na Jlin, mtayarishaji wa mji wa Gary katika jimbo la Indiana, pamoja na programu waliyoiita Spawn. Programu hiyo ilifundishwa kwa sauti ya Herndon. Kisha ikasikilizishwa muziki wa Jlin, wenye midundo mikali ya namna iitwayo footwork, nayo ikajaribu kuutoa muziki huo kwa koo la Herndon. Herndon alieleza kwamba haukutiwa sampuli wala haukuhaririwa. Tokeo lake ni mfululizo wa vijisauti vya kinywa vinavyogonga, kukwama na kutatarika, mithili ya mtoto aigaye ngoma kwa ulimi na kushindwa kufuata mwendo wake.

Hapa basi tuna sauti iliyokatwakatwa ambayo haikukatwa na mtu. Je, ni kovu pasipo jeraha? Nadhani siyo, na sababu yangu ni hii. Kipande hiki kina madeni mawili, na yote mawili yamekubaliwa waziwazi. Koo lina deni kwa Herndon, mapigo yana deni kwa Jlin. Jina la kazi lenyewe, ambalo maana yake ni mama wa ubatizo, ni kukiri udugu: programu ni mtoto, Herndon ni mama, Jlin ni mama wa ubatizo. Twajua kilichotiwa ndani, kwa hiyo twaweza kusikia kilichopotea njiani. Kukwama kwa mashine kunasikika kuwa ni umbali kati ya mwalimu na mwanafunzi. Walakini kama wimbo wa kusikilizwa mara nyingi, Godmother ina upungufu. Yastaajabisha mara ya kwanza, mara ya tatu haina jambo jipya la kusema. Haikui, yatatarika tu mpaka yakoma.

Upungufu huo ulirekebishwa katika PROTO, santuri ya Herndon ya mwaka 2019. Pale Spawn haikuachwa peke yake. Iliwekwa mbele ya kundi la waimbaji waliokutana Berlin, wakaifundisha kwa kuiimbia, na hata umati wa watu katika jumba la Martin-Gropius-Bau ulishirikishwa katika kuifundisha. Katika Evening Shades twasikia mafundisho hayo yenyewe: watu huimba, na mashine hujibu kwa sauti iliyopasuka, yenye umbo la wimbo ule lakini isiyo na mwili wake. Msomaji aliyekulia katika ngoma zetu ataitambua mara moja hali ya kiongozi na waitikiaji. Tofauti ni kwamba hapa mwitikiaji haelewi anachoitikia. Kwa hiyo kila kipande kilichovunjika kina kipande kizima mbele yake, kama vile sentensi nzima ya Hamm ilivyotangulia vumbi lake. Herndon, kwa kujua au kwa kuhisi, ameirudia kanuni ya Reich: kwanza onyesha neno, kisha onyesha kupotea kwake.

Kazi ya pili ni ya Jennifer Walshe, mtungaji na mwimbaji wa Ireland, iitwayo A Late Anthology of Early Music, ya mwaka 2020. Walshe aliwapa watengenezaji wa Dadabots rekodi za sauti yake akiimba peke yake, nao wakaufundisha mtandao kwa rekodi hizo, kizazi baada ya kizazi. Mazao ya mwanzo ni mikwaruzo na mivumo. Ya baadaye yakaribia kuwa mwanamke aimbaye. Walshe hakuchagua yale yaliyo bora akayaacha mabovu. Aliyapanga mazao hayo yaandamane na historia ya muziki wa kale wa Ulaya, hata kujifunza kwa mashine kukawa kama kukua kwa sanaa yenyewe karne kwa karne. Kuna mzaha ndani yake, na ni mzaha wenye elimu: wanahistoria nao hupenda kutusimulia kana kwamba watu wa kale walikuwa wakibwabwaja, wakingoja sisi tuje tuseme sawasawa. Katika kazi hii vipande havirudi kwenye neno, kwa sababu neno halikuwako; lakini vyarudi kwa mtu, na vyarudi kwenye safari inayoonekana. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yenye akili nyingi kuliko zote za namna yake nilizozisikiliza, ingawa PROTO ndiyo yenye moyo.

Linganisheni sasa kazi hizi na vipande vya sauti ambavyo mtayarishaji hupata kwa kuagiza tu kwa maandishi. Huandika kwamba ataka sauti ya kike, yenye huzuni, iliyokatwakatwa, yenye mwangwi; punde akaletewa. Siwezi kusema kwamba vipande hivyo ni vibaya kwa sikio. Ni vitamu, na hiyo ndiyo shida yake. Ukivisikiliza kumi kwa mfululizo utaona kwamba mkato umekuwa mtindo wa ushoni, kama kiraka kilichoshonwa juu ya nguo mpya isiyochanika. Huzuni yake ni wastani wa huzuni nyingi. Nyuma ya kila mkato wa MK palikuwa na kukataa: alikataa neno hili, akaitaka irabu ile. Mashine haikatai kitu. Hukisia lililo la kawaida zaidi baada ya lililotangulia. Debe tupu haliachi kuvuma, na uvumaji wa debe waweza kuchezeka. Lakini mhakiki hana budi kusema kwamba ni debe.

Yako mapingamizi mawili yenye nguvu, nami sipendi kuyapita. La kwanza ni kwamba sanaa ya watu imejaa sauti zisizo neno. Mama abembelezaye mtoto hutumia silabi tupu. Waimbaji wa jazi hucheza na silabi zisizo maana. Ni kweli. Lakini silabi tupu ya mama ina mama. Mtoto hapati neno, apata kifua. Ngoma nayo haina neno, wala haidai pumzi. Ngozi ya mbuzi haijifanyi koo. Sauti ya kuzalishwa yaleta pumzi na mdomo mbele yetu, nasi, kwa desturi ya viumbe, twamtafuta aliye nyuma yake. Kututuma kumtafuta asiyekuwako si kosa daima. Yaweza kuwa kusudi la mtungaji, na hofu itokayo humo yaweza kuwa sanaa. Kosa ni kututuma bila kujua kwamba ametutuma.

Pingamizi la pili ni kwamba uchaguzi haukwisha: mtayarishaji huletewa vipande mia, akachagua kimoja, akakikata tena kwa mkono wake. Hili nalikubali karibu lote. Watayarishaji wa singeli wa Dar es Salaam, wanaochukua vipande vya taarab na kuviharakisha hata vikawa kitu kingine, hawakuitunga taarab ile, na hatuwanyimi sifa kwa sababu hiyo. Afanyaye kazi juu ya zao la mashine aweza kulitia jeraha alilokosa kuzaliwa nalo. Lakini hapo sifa ni ya mkono uliofanya kazi baadaye, na uhakiki uihesabu hapo.

Limebaki jambo la haki, ambalo halitenganiki na jambo la sanaa. Mwaka 2024 jimbo la Tennessee lilitunga sheria iitwayo ELVIS Act, yenye kulinda sauti ya mtu isiigwe pasipo idhini yake. Ni hatua njema. Lakini sheria hiyo huilinda sauti itambulikanayo kuwa ni ya fulani. Na sanaa ya mkato, kwa tabia yake, huifanya sauti isitambulikane. Holloway aliweza kudai kwa kuwa koo lake lilijulikana hata likiwa vipande. Yule ambaye sauti yake imesagwa pamoja na maelfu mengine katika mafundisho ya mtandao hana kipande cha kuonyesha mbele ya hakimu. Ameingia katika unga. Nani atafute punje?

Jambo hili halitupiti sisi. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, ulioanza mwaka 2017, hukusanya sentensi zinazosomwa na watu wa hiari katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwa mojawapo, na kuzitoa kwa ruhusa ya mtu yeyote kuzitumia. Lengo lake ni jema: bila sauti hizo mashine zisingetusikia kabisa. Lakini aliyesoma sentensi zake ili kompyuta ielewe Kiswahili huenda hakuwaza kwamba irabu yake yaweza kusikika siku moja ukumbini, chini ya mdundo, ikiwa haina jina. Ruhusa aliitoa, deni halifutwi na ruhusa. Laiti watungaji watakaozitumia sauti za namna hiyo watasema, kwa neno moja tu katika maelezo ya kazi zao, walikozitoa, watakuwa wamefanya kama Herndon alivyofanya kwa Jlin.

Basi mhakiki asikiapo sauti iliyokatwa, na aulize mambo matatu. Kipande hiki kilitoka kwa nani? Kilikuwa nini kabla ya kukatwa? Na aliyekikata, alikataa nini ili akipate? Kazi iwezayo kujibu maswali yote matatu ni kazi kamili, hata kama mashine ilishiriki. Iwezayo kujibu moja au mawili yastahili kusikilizwa na kupimwa. Isiyojibu hata moja yaweza kuchezwa ngoma usiku kucha, na hakuna anayekataza. Lakini isiitwe sauti ya mtu. Iitwe jina lake, mlio, nayo ishindane na milio mingine kwa uzuri wake yenyewe.